Mkono wa Aliyeshindwa

Godoro lilikuwa limeshapanda kwenye pikapu, na kabati limelazwa chali ubavuni mwake, milango yake imefungwa kwa shuka kuukuu isije ikafunguka njiani. Dereva alikuwa ameegemea gari akitafuna kijiti. Mwanamke aliyekuwa akihama alikuwa anaingia chumbani na kutoka, na kila akitoka anabeba kitu kidogo kuliko cha kwanza: jiko, ndoo, mfuko wa brashi, mwisho kibao cha kukatia mboga. Aliyekuwa akifunga kamba ni kaka yake, mtu mzima mwenye mvi zake za kutosha, na alikuwa anafunga vibaya.

"Mzee," dereva akasema, "hapo unafunga mzigo au unasuka nywele?"

"Nafunga."

"Maana kama unasuka, nikutafutie kitana kabisa."

Dada mtu akacheka. Kaka hakucheka. Alilivuta fundo, likafumuka lote, akaanza upya.

"Kaka, ebu niangalie," dada akasema, akaweka kibao chini. "Mimi ndiye nahama, wewe ndiye unanuna. Unadhani naondoka na kinyongo? Sina. Ungeweza kunipitisha kwa sababu mimi ni damu yako. Ungesema tu Mkunga ni mtamu, na Mama Sanduku angekuamini. Hukusema. Ulinichukulia kama mtu wa kazi, si kama mdogo wako wa kuhurumiwa. Kwangu mimi hiyo ni heshima. Asante."

Kamba ikamponyoka mikononi. Akainama kuiokota, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kamba inavyotaka.

Ili uone kwa nini asante ile ilimwingia kama mwiba, inabidi turudi nyuma kidogo, mpaka karakanani.

Bwana huyu alikuwa amezunguka. Aliwahi kupaka rangi madaraja, akapiga picha za vitambulisho, akaendesha trekta la watu mpaka akaliingiza mtaroni. Shule aliisoma kwa vipande, huku darasa la tatu, kule la tano, la nne hakulipitia kabisa. Hakuna kazi iliyowahi kumpa fahari mpaka alipoingia kwenye karakana ya karata.

Karakana hiyo ilikuwa na chumba cha mbele na chumba cha nyuma. Nyuma kulikuwa na mashine, madebe ya wino na meza ya kukatia. Mbele kulikuwa na meza ndefu ya watunzi, na kando ya dirisha meza ndogo ya viti viwili. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa karata, si zile za kawaida za wafalme na malkia, bali ule ambao kila mchezaji anajipangia fungu lake mwenyewe. Juu ya fungu anasimamisha karata moja inayoonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo kiongozi. Kiongozi ana tabia yake na pumzi zake. Pumzi zikiisha, umeshindwa. Ukiwa na Jemadari, unacheza kijemadari. Ukiwa na Mganga, unacheza kiganga. Watu wananunua sanduku jipya kila mwaka kwa sababu ya viongozi wapya, si kwa sababu ya kitu kingine.

Sasa nguvu ya kiongozi inapimwa kwa hesabu, na mtu wa hesabu walikuwa naye. Utamu haupimwi kwa hesabu. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Mama Sanduku kwa sababu ndiye aliyekuwa akiamua kipi kinaingia sandukuni na kipi kinabaki nje, alikuwa na njia yake. Alikuwa hamwulizi mtu kama mchezo ulikuwa mzuri. "Mdomo una adabu," alikuwa akisema. "Mdomo utaniambia mzuri mama, mzuri sana mama. Mimi naangalia mkono." Basi mwamuzi anakaa acheze dhidi ya kiongozi mpya. Akishindwa, watu wote wananyamaza na kuangalia mikono yake. Kama mkono wa aliyeshindwa unatoka wenyewe, bila kuambiwa, ukaanza kukusanya karata ili zichanganywe upya, kiongozi huyo ana utamu. Mkono ukibaki ulipo, hana. Maneno hayaongezwi hapo.

Zamani walikuwa wakiweka waamuzi watatu. Alipokuja bwana huyu waliacha, kwa sababu mkono wake haukuwahi kukosea. Kiongozi aliyempitisha yeye, watoto na wakubwa walimgombania. Mkono wake ulikuwa ukitoka hata kabla uso wake haujajua kuwa umeshindwa, na mdomo ukifuata nyuma: "Tena!" Ndiyo maana wakamwita Tena. Mzee Tena. Mtu aliyefukuzwa kwenye trekta akawa na kiti chake dirishani, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Kikombe chake cha chai kiliwekwa upande wa kulia, kama cha hakimu.

Ndiye aliyemleta mdogo wake. Alimtoa mbali, akamwambia kuna kazi ya brashi, njoo. Dada akaja, akapewa kazi ya kuchora pembe za karata, yale maua na mizabibu inayozunguka picha. Akapanga chumba jirani na cha kaka yake. Alikuwa akimfulia, akimpikia, akimkumbusha dawa. Kisha ikaja mashine mpya iliyoweza kuchapa pembe peke yake, na mikono ya kuchora pembe ikawa haina kazi. Mama Sanduku hakumzungusha. Alimwambia, "Mwanangu, kwenye meza ya watunzi kuna nafasi. Niletee kiongozi mmoja mwenye utamu, kiti ni chako. Bila hivyo sina pa kukuweka."

Dada akajifungia na brashi zake. Akamleta Mkunga.

Alikuwa mama mnene mwenye mikono iliyokunjwa hadi kwenye viwiko, beseni pembeni, uso wa mtu ambaye hajalala lakini hana haraka. Mtu wa hesabu alimpima akasema ana nguvu za kadiri. Siku ya kumwonja, dada alikaa upande mmoja wa meza ndogo, Mzee Tena akakaa upande wa pili na Jemadari mbele, kiongozi aliyempenda kuliko wote. Karakana nzima ikasogea. Alikuwepo Mkasi, mkata karata, mtu ambaye angeweza kumchekesha maiti. Mama Sanduku akasimama nyuma ya dada, mahali pa kuiona mikono ya mwamuzi.

Tabia ya Mkunga ilikuwa hii: kila zamu yake anaweza kumtolea adui askari kutoka kwenye karata alizoshika, bure, kabla ya wakati wake. Anauliza tu, na adui anakubali au anakataa.

"Nikuzalishie, kaka?" dada akauliza, sauti inatetemeka.

"Unanisaidia mimi?"

"Ndiyo kazi yake."

"Nizalishie."

Askari akashuka mezani. Mzee Tena akatabasamu. Zamu iliyofuata: "Nikuzalishie?" "Zalisha!" Akashuka mpanda farasi. Zamu nyingine, mrusha mikuki. Meza ya Jemadari ikajaa kabla ya chai kupoa, na upande wa dada kulikuwa na vijana wawili tu wenye marungu, wanatembea polepole. Mzee Tena akaegemea kiti akaanza kupiga mluzi.

"Haya," akasema, "jeshi, mbele! Mpigeni huyo mama."

Dada akageuza karata ya Mkunga kidogo ili kaka yake asome mstari wa chini. Uliandikwa: *Aliyezaliwa mikononi mwangu hanyooshi mkono juu yangu.*

Watu wakainama kusoma. Kisha Mkasi akapiga kofi mezani. "Mzee Tena! Jeshi zima limekataa! Hakuna wa kumpiga mama mkunga!"

"Subiri, yule niliye naye mkononi..."

"Umebakiwa na nani mkononi? Umezaa wote! Uzazi wa mpango, mzee, uzazi wa mpango!"

Hapo watu wakavunjika mbavu. Mtu wa hesabu alitoa miwani akapangusa machozi. Wale vijana wawili wenye marungu wakaendelea na safari yao ya polepole, na kila zamu wakila pumzi ya Jemadari, na yeye ana jeshi la kujaza uwanja, limesimama tu linamwangalia mama yake. Alishindwa akiwa na kila kitu. Alishindwa kwa sababu alisema ndiyo kila alipoulizwa. Angekataa mara moja tu! Yule mrusha mikuki, angemkataa yule, akamleta mwenyewe baadaye...

Na hapo ndipo mkono wake ukatoka.

Ulitoka kama siku zote, wenyewe. Ulishafika katikati ya meza, ukashika karata za dada, ukazisogeza juu ya karata za Jemadari. Mwili wote ulikuwa unataka. Ilikuwa hamu safi, ya mtoto. Hajawahi kuonja kiongozi mwenye utamu wa namna ile, na alijua hivyo kama mtu anavyojua kuwa ana kiu.

Lakini masikio yake yalikuwa bado yamejaa kicheko. Mkasi alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanacheka. Mama Sanduku mwenyewe, mwanamke asiyecheka ovyo, alikuwa amegeuka kuelekea dirishani, anajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. Dada alikuwa ametazama magoti yake kwa woga. Hakuna aliyekuwa akiangalia. Na Mzee Tena, mwenye kikombe cha hakimu, akaona amefanywa kichekesho na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, mbele ya watu waliokuwa wakimwogopa. Akaurudisha mkono. Akakunja yote miwili kifuani, akaificha kwapani.

Mama Sanduku akageuka. "Haya, haya, tuwe watu wazima. Mkono?"

Wote wakatazama. Mikono ilikuwa kwapani.

"Haukutoka?"

"Haukutoka."

Kicheko kikakatika kama umeme. Dada akainua macho. Na kaka, badala ya kuishia hapo kama desturi inavyotaka, akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba: "Anamfanya mtu ajione mjinga. Hakuna atakayerudia."

"Sawa," dada akasema. Akamchukua Mkunga, akamfuta vumbi kwa kidole, akamweka ndani ya mfuko wa aproni. "Asante kwa muda wenu." Nafasi ya sandukuni akapewa kiongozi mwingine, Mfalme fulani wa radi, wa kawaida tu.

Siku zilizofuata Mzee Tena aliendelea kula chakula alichopikiwa na dada. Alikuwa akisikia brashi za dada zikioshwa upande wa pili wa ukuta kwa mara ya mwisho, zikipigwapigwa kwenye ukingo wa ndoo, naye akijigeuza ukutani kama mgonjwa. Dada alikuwa amepata pa kwenda: mama yao mdogo, mji wa mbali, alikuwa na duka la vifaa vya shule na alitaka mtu wa kuandika mabango. Si kazi mbaya. Lakini si kiti kwenye meza ya watunzi. Kaka alijaribu kusema ukweli mara nyingi. Alifika mlangoni, akabisha, akaulizwa "Nani?", akasema "Mimi, una chumvi?" Nyumbani kwake chumvi ilijaa mpaka akaona haya hata ya chumvi.

Sasa tumerudi kwenye pikapu.

"Tayari, mzee?" dereva akauliza. "Mimi nimesubiri mpaka nimeota mizizi."

"Mdogo wangu," kaka akasema, bado anaishika kamba. "Mkono ulitoka."

"Mkono gani?"

"Siku ile. Mkono wangu ulitoka. Hamkuwa mnaangalia. Nikaurudisha."

Dada alimtazama kama mtu anayesikiliza jina la ugonjwa.

"Ulitoka mpaka wapi?"

"Ulifika kwako. Ulishazikusanya karata."

"Ulizigusa tu, au ulizikusanya?"

"Nilizikusanya. Za kwako juu ya za kwangu."

Uso wa dada ukafunguka. Kabla ya hasira, kabla ya kitu chochote, ukafunguka wote, kama wa mzazi aliyeambiwa mwanawe amepona. "Kwa hiyo alikuwa mtamu," akasema.

"Mtamu mno. Sijawahi kucheza kitu kama kile. Usiku nilikuwa nacheza kichwani, namkataa mrusha mikuki, halafu namkubali mpanda farasi..."

"Nyamaza." Uso ulikuwa umeshajifunga. "Kwa nini?"

Kaka alitafuta jibu kubwa zaidi, la kumfanya aonekane angalau mtu mbaya wa maana. Hakulipata. "Walicheka," akasema.

"Walicheka."

"Walinicheka."

"Mimi nahama nyumba, na kabati langu liko juu ya gari, kwa sababu Mkasi amecheka?"

Dereva akaingia garini taratibu, akafungua redio. Redio haikutoa sauti. "Mimi sijasikia kitu," akasema kupitia dirishani. "Redio mbovu, lakini nasikiliza redio."

"Shusha vitu," kaka akasema. "Nitaenda sasa hivi, nitawaambia. Utakaa kwenye kiti chako."

"Sishushi kitu." Akamnyang'anya kamba. "Nilikushukuru hapa, mbele ya mtu. Nimekushukuru mara ngapi wiki hii? Nilikuwa nampigia mama mdogo nikikusifu. Na wewe unanisikiliza, unaomba chumvi!" Sauti yake ilipasuka hapo, akaikaza. "Utaenda kuwaambia, ndiyo. Lakini si kwa ajili ya kabati langu. Utaenda kwa sababu kesho mwingine atakuja na karata yake, anatetemeka, na wewe utakuwa umekaa pale na mikono yako."

Alifunga mzigo mwenyewe, akauvuta, ukakaza. Akapanda mbele.

"Chumba nimekifagia," akasema bila kumtazama. "Ufunguo mpe mwenye nyumba. Kwaheri, kaka."

Lile neno kaka lilimuuma kuliko tusi, kwa sababu alilitamka vilevile kama siku zote. Pikapu ikaondoka. Akabaki barabarani na kijiko kilichokuwa kimedondoka, akakiweka mfukoni kwa kutojua akifanye nini, akaelekea karakanani kwa miguu.

Aliwakuta wanakunywa chai. Kikombe chake kilikuwa kimeshawekwa upande wa kulia. Hakukaa.

"Mkono ulitoka," akasema. "Kwa Mkunga. Niliuficha."

Mkasi akaanza kucheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akameza kicheko pamoja na chai, ikampalia.

"Rudia," Mama Sanduku akasema.

Akarudia. Safari hii ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu alitaka asiache kitu. Alieleza jinsi alivyokunja mikono, na kwamba maneno ya mwisho aliyaongeza mwenyewe.

"Nilikugeuzia mgongo," Mama Sanduku akasema. "Hilo ni langu, nalibeba. Sanduku limeshafungwa, Mfalme wa radi ameshakatwa. Hilo halirudi." Akaweka kikombe chini. "Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Uliowakataa. Miaka yote. Yule Msusi, yule Mpiga ngoma, yule wa kijana aliyeondoka hapa analia. Mkono haukutoka kweli?"

"Haukutoka, mama. Wale nilisema kweli."

"Nitajuaje?"

Aliangalia mikono yake, kama labda yenyewe ingemjibia. Mtunzi mmoja wa siku nyingi, mtu ambaye kiongozi wake alikataliwa mwaka juzi na ambaye tangu hapo alikuwa akimsalimia kwa heshima, aliinuka polepole akaenda chumba cha nyuma. Mzee Tena alimsikia akifungua droo ya karata za zamani, akipekua. Hapo ndipo aibu ilipomshika sawasawa. Ile ya barabarani ilikuwa ya mtu mmoja. Hii ilikuwa inatembea ndani ya nyumba, inafungua droo zote.

"Sijui utajuaje," akasema.

"Basi kiti kile hutakikalia tena," Mama Sanduku akasema, si kwa ukali. "Kunywa chai yako."

Hakuinywa.

Viongozi waliokataliwa walitolewa wote na kuonjwa upya na waamuzi watatu, kama zamani. Wengi walikataliwa tena. Msusi alipita. Yule kijana aliyeondoka analia alitafutwa, lakini alikuwa anafanya kazi ya mabomba na hakutaka kusikia habari za karata. Mtunzi wa siku nyingi aliacha kumsalimia Mzee Tena.

Mkunga alitoka kwenye sanduku la mwaka uliofuata, na alipendwa. Mama Sanduku alimpigia simu dada mtu mara mbili kumpa kiti. Dada alikubali karata yake ichapwe, kiti akakataa. Anaandika mabango kwa mama mdogo, ameolewa na fundi saa, na mara mojamoja anatuma kiongozi kwa posta. Wawili wamepita.

Mkasi alihamia kiwanda cha magodoro. Dereva aliuza pikapu. Mama Sanduku bado yupo, na sasa haangalii dirishani mpaka mchezo uishe.

Kaka mtu alifanya kazi ya kupakia masanduku ghalani miezi michache, kisha akaondoka. Anapaka rangi mageti katika mji mwingine. Dada yake humpigia simu, huulizana hali, huzungumza juu ya mguu wa mama mdogo na bei ya rangi. Hawajawahi kucheza karata tena.